Mistari mitatu kwenye sakafu ya mjomba

Studio ya mjomba ilikuwa Ngamiani, Tanga: chumba kimoja cha mbele, pazia la bluu ukutani, taa mbili za miguu mirefu na stuli ya mbao. Sakafuni palikuwa na mistari mitatu ya rangi nyeupe, na mkabala wake misalaba mitatu midogo pale ilipokanyaga miguu ya stendi ya kamera. Sisi watoto tulipenda kuruka kutoka mstari hadi mstari. Mjomba, ambaye sikumbuki akigombana na mtu kwa jambo jingine, alitufukuza kila alipotukuta tukiichezea sakafu ile. Kila mwaka kabla ya Idi aliipaka mistari upya. Mteja akiingia hakuambiwa tu akae, aliambiwa akae kwenye mstari. Picha ya paspoti mstari wa kwanza, nusu mwili wa pili, na aliyekuja na mkewe na watoto wa tatu.

Niliichukulia kuwa ni desturi ya nyumba, kama wengine wanavyotaka viatu vibaki mlangoni. Mpaka nikawa mpiga picha mwenyewe, nikanunua kamera tatu kwa nyakati tofauti, nikarithi lenzi moja ya Kisovieti, ndipo nikajua mistari ile ilikuwa inafanya kazi gani.

Lenzi yenyewe ni Helios-44-2. Nilikabidhiwa na mkaza mjomba baada ya arobaini, ikiwa ndani ya kopo la biskuti pamoja na kamera ya Zenit-E iliyoganda shata, yaani lile pazia linalofungua na kufunga mwanga, lenzi ndefu ya milimita 135 iitwayo Jupiter-37A, na kipande cha kamba ya katani chenye kitanzi upande mmoja na mafundo matatu. Kamba sikuielewa. Niliiacha humo humo kopo­ni kwa sababu siku ile sikuwa na moyo wa kutupa chochote cha marehemu.

Helios-44-2 ni lenzi ya milimita 58, apecha yake, yaani lile tundu la kupitishia mwanga, inafunguka hadi f/2; namba hii ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ndani ina vioo 6, na vipande 8 vya chuma vinavyofunga na kufungua tundu. Umbo lake la vioo limetokana na Biotar ya Carl Zeiss ya Jena, Ujerumani, lenzi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, ambayo Wasovieti waliichukua baada ya vita na kuiendeleza wenyewe. Ilikuwa ikiuzwa pamoja na kamera za Zenit, zikatengenezwa kwa mamilioni, na ndiyo maana hadi leo ni rahisi kupatikana kuliko lenzi nyingi za umri wake. Kwenye lenzi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo za namba iliyochongwa kwa kawaida ndizo mwaka wa kutengenezwa. Yangu inaanza na 77.

Kabla ya kupiga nayo hata picha moja niliiwekea tochi ya simu kwa nyuma. Kioo kimoja cha mbele kilikuwa na nyuzi nyeupe zilizotambaa kama mizizi ya mchicha. Fangasi. Anayeishi pwani na ana lenzi ya zamani hana budi kuwafahamu hawa viumbe. Wanapenda joto, unyevunyevu na giza, na mfuko wa ngozi aliouweka mjomba kwa nia ya kuilinda lenzi ndio uliowalea, maana ngozi hufyonza unyevu na kuukalia. Wakiachwa miaka mingi hutoa asidi inayochimba ule utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata ukisafisha, kovu linabaki. Wangu walikuwa bado hawajafika huko.

Nilimpelekea fundi saa, mtu mwenye mikono mitulivu kuliko yangu. Fangasi waliondoka wote. Lakini picha za kwanza zikatoka kali katikati tu, pembeni kila kitu kikiyeyuka kama samli juani. Nilihangaika nayo siku nzima. Kioo cha mbele kilikuwa kimerudishwa kinyume, upande uliotuna ukitazama ndani. Fundi simlaumu, hakuna aliyewahi kumletea lenzi, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia aweke alama. Nikajifunza kuifungua mwenyewe. Pete yenye jina la lenzi haihitaji bisibisi, unaikandamiza kwa kipande cha mpira na kuizungusha. Tangu hapo sifungui kitu bila kupiga picha ya simu kila hatua, na kila kioo kikitoka nakiwekea alama ya penseli ukingoni kuonyesha upande wa mbele. Siku hizi lenzi zangu zote zinakaa kwenye deli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika na kipimo kidogo cha unyevu ambacho napenda kisome kati ya asilimia 40 na 50. Mifuko ya ngozi nimeitundika ukutani, kama kumbukumbu tu.

Kamera yangu ya kazi wakati huo ilikuwa Canon ya aina ile yenye kioo ndani kinachoruka kila unapopiga. Helios inafungwa kwa skrubu ya milimita 42, ile inayojulikana kama M42, na ilitengenezwa ikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Canon yangu ilitaka lenzi ikae milimita 44. Tofauti ni milimita 1.46, kwa hiyo pete nyembamba tu ilitosha kuziunganisha. Rafiki yangu mwenye Nikon hakuwa na bahati hiyo. Nikon inataka milimita 46.5, umbali mkubwa kuliko wa M42 yenyewe, kwa hiyo hata pete iwe nyembamba vipi lenzi inakuwa imesogezwa mbele mno. Alipiga maua na vidole vya watoto, ila minazi ya ng'ambo ya barabara haikumtokea kamwe.

Mimi nilikuwa naona mbali na karibu, na bado picha hazikuwa kali. Katika kumi nilipata mbili. Kamera za namna ile, kile kioo cha kutazamia kimetengenezwa kwa ajili ya lenzi za otomatiki zenye apecha ndogo. Kinakuonyesha picha angavu lakini hakikuonyeshi kwa uaminifu jinsi fokasi, yaani lile eneo lenye ukali, ilivyo nyembamba ukiwa f/2. Unaona jicho limekaa, unabonyeza, ukifika nyumbani sikio ndilo kali. Niliiweka Helios kabatini zaidi ya mwaka.

Iliyoitoa kabatini ni kamera isiyo na kioo, mirolesi. Nilinunua Sony a6000 ya mkononi, na nilichovutiwa nacho zaidi ni hesabu yake. Kwenye Sony za aina hii lenzi inakaa milimita 18 tu kutoka kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu. Fujifilm za X ni 17.7, Canon za RF ni 20, Nikon za Z ni 16. Kwa kuwa kile kioo kinachoruka hakipo tena, nafasi yake imebaki wazi, na nafasi hiyo ndiyo inayokaribisha karibu kila lenzi ya zamani: za M42, za Canon FD zilizotaka milimita 42, za Minolta za 43.5, hata Nikon ile ya 46.5. Adapta ya kutoka M42 kwenda Sony ni bomba la chuma lenye urefu wa milimita 27.46, basi. Halina kioo wala umeme. Nilidhani kwa kuwa ni bomba tupu, lolote la bei rahisi lingefaa. Nitalirudia hili.

Siku ya kwanza kamera ilikataa kabisa kupiga. Haikuhisi lenzi yoyote mbele yake, kwa sababu Helios haina hata waya mmoja wa kuongea nayo. Ndani ya menyu kuna sehemu ya kuruhusu kupiga bila lenzi, ukiiwasha mambo yanakwenda. Unabaki na apecha unayoizungusha kwa mkono, kamera inajichagulia kasi ya shata. Kitu kingine nilichokuja kukikosa ni kumbukumbu: kamera haijui ulikuwa f/2 au f/8, haiandiki popote. Ninatembea na kijitabu.

Sifa iliyoifanya Helios ipendwe ni mzunguko wa nyuma. Ukimpiga mtu mbele ya miti, majani yaliyofifia nyuma yake yanaonekana kama yanamzunguka. Kwenye a6000 sikuupata. Sensa ya kamera ile ni ndogo, inakata kingo za picha, milimita 58 inakuwa kama 87, na mzunguko wenyewe unaishi kingoni. Nilipopata Sony A7 II yenye sensa ya ukubwa wa filamu ndipo ukajitokeza. Asili yake ni hii: katikati ya picha tundu la lenzi linaonekana duara, lakini ukisogea pembeni mwili wa lenzi unalikata, kila nuru iliyofifia inakuwa na umbo la mbegu ya tikiti, na mbegu zote zinajipanga kuizunguka katikati. Ukifunga hadi f/4 mduara unarudi na mzunguko unapotea. Na si kila mti unafaa. Mwembe una majani mazito yasiyoacha matundu ya mbingu. Mwarobaini ndio wenyewe: majani madogo, nuru elfu moja kati yake. Mtu umweke mita 2 kutoka kwako, mti uwe mita kadhaa nyuma yake, f/2, jua la saa kumi.

Niliupenda mzunguko ule kwa miezi michache, nikapiga kila jirani chini ya mwarobaini mmoja. Sasa nautumia kwa nadra. Mama mmoja aliiangalia picha yake akaniuliza, "Mbona kizunguzungu?" Alikuwa sahihi. Uso wa mtu ukishindana na majani, majani yasishinde.

Tatizo lililobaki lilikuwa lile lile la ukali. Mirolesi ina misaada miwili. Wa kwanza ni rangi, mimi nimeweka nyekundu, inayochora kingo za kitu kilicho kwenye fokasi. Wa pili ni kukuza sehemu ndogo ya picha hadi uone kope moja moja. Nilianza na rangi na ikanipotosha vibaya. Nilimpiga mzee mmoja wa mtaa wetu aliyevaa kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye nakshi za kujaa. Kofia yote ikawaka nyekundu, nikabonyeza nikiwa na furaha. Kofia ilitoka kali kila uzi. Macho yalikuwa nyuma kidogo, laini. Rangi ile haijui jicho, inatafuta tu pale weupe na weusi unapokutana kwa nguvu, na kofia ya nakshi au kanga itaushinda uso wa mtu kila mara. Tena ukifunga hadi f/8 picha nzima inawaka nyekundu na hujui lolote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Helios-44-2 ina pete mbili za apecha. Moja unaiweka kwenye namba unayoitaka, tuseme 8, inakaa hapo kwa kidoko. Ya pili inazunguka laini kati ya wazi kabisa na ile namba uliyoichagua. Unafungua, unatafuta fokasi ukiwa f/2 ambako kosa linaonekana, kisha unazungusha kidole kimoja mpaka pete igome, unapiga. Macho hayatoki kwenye kamera. Mjomba alikuwa akifanya hivyo bila kutazama, na mimi mtoto nilidhani ana kawaida ya kuchezea lenzi kabla ya kupiga.

Basi nikaacha rangi, nikatumia kukuza. Nakuza jicho, nazungusha, jicho linakaa, napunguza ili nione picha nzima, nabonyeza. Kwenye chupa na maboga ilikuwa safi. Kwa watu, nusu ziliharibika. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu: lenzi ya milimita 58, f/2, mtu yuko mita 2. Eneo lenye ukali unaokubalika ni kama sentimita 14 kwa jumla, mbele na nyuma. Akiwa mita 1.5 ni kama sentimita 8. Kutoka kukuza hadi kubonyeza ni sekunde mbili. Ndani ya sekunde mbili mtu anavuta pumzi, anacheka, anaegemea mbele kuuliza kama tayari, na mimi niliyesimama na kamera mkononi nayumba pia. Sentimita 7 za upande mmoja zinakwisha kabla kidole hakijashuka.

Nilikuwa nimekaa barazani na ile karatasi ya hesabu nilipoikumbuka sakafu ya Ngamiani.

Mjomba hakuwa akikimbizana na fokasi. Aliweka pete ya lenzi kwenye umbali mmoja, na mtu ndiye aliyeletwa kwenye umbali huo. Mstari ulikuwa fokasi. Alikuwa na filamu ya picha 36 ya kutosha wateja wa siku nzima, hakuwa na skrini ya kukuza jicho, na paspoti zake ziligongwa mihuri ofisi zote za mji. Alilimaliza tatizo langu kwa kopo la rangi nyeupe.

Kesho yake asubuhi nikachora mstari wa chaki uani. Nikapima mita 2 kwa futi ya fundi cherehani, nikaweka pete ya Helios kwenye 2, nikamkalisha mpwa wangu, nikapiga bila kukuza chochote. Macho yakatoka laini, masikio makali. Nikarudia mara sita, na sita zote zikatoka hivyo hivyo. Kosa lisilobadilika lina faida yake, linakuambia chanzo si mkono.

Usiku nikaenda ufukweni, Raskazone, nikaielekeza lenzi kwenye taa za meli zilizotia nanga mbali. Pete ikiwa imefika mwisho, kwenye alama ya umbali usio na kikomo, taa zilikuwa zimevimba. Nikairudisha kidogo nyuma, zikawa nukta. Maana yake lenzi ilikuwa imekaa karibu mno na sensa. Adapta yangu, lile bomba tupu, ilikuwa fupi. Na ufupi wa milimita 0.1 tu, unene wa karatasi, unatosha: kwenye lenzi ya milimita 58 mita 2 iliyoandikwa inakuwa kama mita 2.12 halisi, na mita 5 inakuwa karibu 5.9. Ukitafuta fokasi kwa macho hutaligundua kosa hilo kamwe, kwa sababu jicho linasahihisha lenyewe. Ukitaka kuziamini namba zilizochongwa kwenye pete, halisameheki.

Adapta nyingi za aina hii zimeundwa kwa vipande viwili vilivyoshikwa na skrubu ndogo nne au zaidi. Nilifungua, nikakata pete kutoka kwenye ubavu wa kopo la soda, bati ambalo unene wake ni karibu milimita 0.1, nikaipachika katikati, nikafunga. Raskazone tena: taa zikawa nukta kwenye alama yenyewe. Uani tena: mpwa, chaki, mita 2, na kope zikahesabika. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje kuona kope za mtoto.

Ndipo nikaitoa ile kamba ya katani. Fundo la kwanza lilikuwa mita 1.5 kutoka kwenye kitanzi, la pili mita 2, la tatu karibu mita 4. Kitanzi kinaenea sawasawa kwenye kile kichuma cha begani mwa kamera yangu kinachoshika mkanda wa shingoni. Hilo nalo lina maana, kwa kuwa namba za umbali kwenye pete zinahesabiwa kutoka kwenye filamu, si kutoka kwenye kioo cha mbele cha lenzi, na kichuma kile kimekaa karibu na usawa wa sensa, iliyoshika nafasi ya filamu. Kamera za leo zina alama juu yake, duara lililokatwa na mstari, inayoonyesha sensa iko wapi. Ukipima kutoka mbele ya lenzi unakosea kwa sentimita kadhaa, hata adapta ikiwa sahihi.

Tangu hapo nimejizoeza umbali mwilini. Mita 1.5 ni mkono wangu na mkono wa mtu mwingine vikikutana kwa vidole. Mita 3 ni hatua zangu nne. Nikienda soko la samaki la Deep Sea asubuhi naweka f/8, pete kwenye mita 3, ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, kwenye 100, shata 1/400 kukiwa na jua kali, kisha sigusi kitu. Kwa mpangilio huo kila kilicho kati ya mita 2.5 na karibu 3.8 ni kikali. Mchuuzi akinyanyua jodari, sitafuti fokasi, natafuta hatua yangu ya nne. Lenzi ya otomatiki ya leo ingefanya haraka pia, sikatai, lakini mara nyingi ingemchagua samaki.

Kuna mambo madogo niliyoyalipia picha nyingi. A7 II ina kitulizi ndani ya mwili wake kinachozuia mtikisiko, na kwa lenzi isiyo na umeme lazima uiandikie kamera mwenyewe urefu wa lenzi. Niliwahi kutoka Jupiter ya 135 kurudi Helios bila kubadilisha namba, na kitulizi kikawa kinasahihisha kupita kiasi. Jioni nzima ikatoka na mtikisiko ambao mikono yangu haikuuleta. Sasa kubadili lenzi na kubadili namba ni tendo moja. Jua la mbele nalo: utando wa kinga kwenye Helios ya zamani ni wa tabaka moja tu, jua likiingia pembeni picha nzima inapauka kana kwamba imemwagiwa maziwa. Wapo wanaoupenda mpauko huo. Mimi naona unamwibia mtu rangi ya ngozi yake, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji kivuli chenye kina, kwa hiyo nabana kofia ya lenzi mbele yake, au mkono wangu wa kushoto.

Nilinunua pia Super-Takumar ya Kijapani, milimita 50, f/1.4, ikiwa na rangi ya chai. Toleo hilo lina kioo chenye thoriamu, madini yenye mnunurisho hafifu, na miaka ikipita kioo hicho hujigeuza manjano. Niliilaza dirishani ikitazama jua la Tanga, wiki baada ya wiki, mpaka ikarudi karibu nyeupe. Jua lile lile linalotuunguza migongo ndilo tiba yake. Ni lenzi nzuri sana, kali kuliko Helios, na bado kopo la biskuti ndilo ninalofungua kwanza.

Harusi ya kulipwa siendi na Helios kama lenzi kuu. Bi harusi akishuka garini hasubiri kamba ya katani, na familia imenilipa ili nisikose. Naibeba kwa zile dakika kumi anapokuwa ametulia chumbani na somo wake, hina imekauka, dirisha liko kushoto. Hapo naomba kiti kimoja na kipande cha chaki. Wengi hushangaa ninapochora mstari kwenye sakafu ya watu, na naufuta mwenyewe kabla ya kuondoka.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mkaza mjomba. Nilitaka kumpiga picha kwa lenzi ya mumewe, chini ya mwarobaini wa uani kwao, nikiwa nimeshaweka kiti. Alitoka amejifunga kanga mpya, nikamwamkia, akaitikia, akasimama pembeni ya kiti bila kukaa. Alikuwa anaangalia chini.

"Mstari uko wapi, mwanangu?"

Nikamwambia sijachora, nina kamba. Nikaitoa mfukoni, nikakipachika kitanzi begani mwa kamera. Nilikuwa nataka kumweleza afanye nini. Hakusubiri. Aliipokea ile kamba, akaipitisha vidoleni mpaka fundo la pili, akakaa, akalivuta fundo hadi kwenye shavu, chini kidogo ya jicho la kushoto, akakaza. Akasogeza kiti nyuma kwa kisigino mpaka kamba ikanyooka.

"Hapa ndipo alipokuwa ananiweka, kila tukipaka," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nashika upande huu."

Akaiachia kamba, akaweka mikono mapajani. Pete ilikuwa kwenye 2. Nilifunga hadi f/2.8, nikapiga mara mbili.